Mkasi si dawa ya manyoya ya paka yaliyosokotana

Paka wa manyoya marefu, kama wale wa Kiajemi, hupendeza sana machoni. Lakini tofauti na paka wetu wa kawaida, ambaye hujilamba akatakata, huyu huhitaji kuchanwa kila siku. Asipochanwa, manyoya yaliyokufa hushikana na mazima, yakajisokota nyuma ya masikio, kwapani, tumboni na karibu na mkia, hadi yakawa mafundo magumu.

Katika nyumba nyingi hapo ndipo mkasi wa jikoni hutafutwa. Na mara nyingi anayekabidhiwa mkasi huo si mwenye paka, bali mfanyakazi wa nyumbani au mtoto. Mimi si daktari wa mifugo; wagonjwa wangu ni watu. Hata hivyo, nasema desturi hii ikomeshwe, kwani inahatarisha ngozi ya paka na mkono wa binadamu kwa wakati mmoja.

Tuanze na paka. Ngozi yake ni nyembamba na imelegea. Fundo huivuta ikainuka pamoja na manyoya, hivi kwamba anayekata hawezi kujua manyoya yaishia wapi na ngozi yaanzia wapi. Mkato mmoja tu waweza kuacha jeraha la kushonwa.

Paka aliyeumizwa naye huuma. Watu hulidharau jeraha lake kwa kuwa tundu ni dogo na damu ni haba. Meno ya paka ni membamba na makali kama sindano. Huchoma hadi kwenye kano na viungo vya vidole, yakaacha humo bakteria, hasa aina iitwayo Pasteurella multocida, ambayo huishi vinywani mwa paka wengi wenye afya. Tundu hufunga upesi juu huku maradhi yakienea chini. Kabla ya saa 24 kupita mkono waweza kuwa umevimba na kuuma vikali. Kwa mshonaji au fundi wa magari, kidole kilichokakamaa ni riziki iliyopotea.

Kisha kuna kichaa cha mbwa, ambacho licha ya jina lake huweza kuambukizwa na paka pia. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, kupona ni nadra mno. Kwa hivyo paka wa nyumbani naye achanjwe.

Ukiumwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usilipake majivu wala dawa ya meno. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo, hasa ikiwa jeraha liko mkononi au una ugonjwa wa kisukari. Daktari ataamua iwapo unahitaji viuavijasumu, chanjo ya pepopunda na ile ya kichaa cha mbwa.

Je, mafundo yaondolewe vipi? Ikiwa ni madogo na hayajashika ngozi, ngoja paka atulie. Nyunyiza wanga laini wa mahindi, ule ambao wapishi hutumia kufanya mchuzi uwe mzito. Shika manyoya karibu na ngozi ili usimvute, kisha fungua fundo polepole kwa vidole na kitana cha chuma chenye meno yaliyoachana, ukianzia nchani. Dakika chache zatosha. Akianza kupiga mkia au kunguruma, mwache hadi kesho. Usimwoshe kabla ya kumchana, kwani maji hukaza fundo. Usimpake mafuta taa, wala usimpe dawa ya maumivu ya binadamu: tembe moja ya paracetamol yaweza kumuua.

Fundo likishakaza hadi ngozini, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Yeye ana mashine ya kunyolea, na akihitaji humpa paka dawa ya kumtuliza. Tena paka aliyeacha kujilamba huenda ni mzee, mnene kupita kiasi, au anaumwa na meno au viungo, na hayo hayatibiwi kwa mkasi.

Wengine watasema daktari wa mifugo ni ghali. Lakini mkono ukijaa usaha, huenda mgonjwa akalazwa na kupasuliwa, na gharama yake haikaribiani kamwe na ya kunyoa paka. Kuchana kila siku hakugharimu chochote. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La mwisho nawaambia waajiri. Aliyemnunua paka ndiye mwenye wajibu wa kumtunza. Usimtume msichana wa kazi kukata mafundo uliyoyaacha yakaze kwa miezi mingi. Na akiumwa na paka wako akiwa kazini kwako, mpeleke hospitalini siku hiyo, na ulipe wewe.