NYUMBA NA MATUMIZI: Soma Kopo Kabla ya Kutoa Fedha



Mara nyingi tumezungumza hapa juu ya unga, sabuni na sare za watoto. Leo tunageukia kitu kisichoingia jikoni, lakini hula fedha ya jikoni: mafuta ya injini. Familia nyingi za askari zimejinyima miaka kadhaa hata zikapata gari dogo lililokwisha kutumika Japani. Siku ya kubadilisha mafuta ikifika, mwenye gari husimama mbele ya rafu. Huku kuna kopo la bei nafuu lenye chapa ya duka lenyewe. Kule kuna kopo la jina mashuhuri, limeandikwa "sintetiki", na bei yake ni mara mbili au zaidi. Achukue lipi?

Mwandishi wa ukurasa huu aliwahi kulijibu swali hilo vibaya. Alinunua kopo la ghali, akaamini kwamba fedha aliyotoa imemaliza kazi yote. Hakupima mafuta tena, wala hakuikumbuka tarehe ya kuyabadilisha. Injini yake kuukuu ilikuwa ikiyala mafuta kidogo kidogo, na siku moja, safarini, ikakauka na kukwama. Karo ya watoto ya muhula mzima ikaishia mikononi mwa fundi. Jirani yake, konstebo wa polisi, alikuwa akinunua kopo la bei nafuu na kubadilisha mafuta kwa wakati. Gari lake lingali linatembea.

Wahenga walisema kwamba rahisi huvunja upishi. Ni kweli, lakini si kila rahisi ni mbovu, wala si kila ghali ni salama. Yafaa ifahamike kwamba duka halisafishi mafuta. Huyaagiza kutoka kiwanda cha kuchanganyia, ambacho huenda kinajaza pia makopo ya chapa nyingine. Hata neno "sintetiki" halina maana moja. Mwaka 1999, huko Marekani, chombo kinachochunguza ukweli wa matangazo ya biashara kilikata shauri kati ya Mobil na Castrol. Kikaamua kwamba mafuta ya ardhini yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu sana yaweza nayo kuitwa sintetiki. Mafuta hayo si mabaya. Ila neno hilo peke yake halitoshi kuwa ushahidi.

Askari hutambua cheo kwa alama za begani, si kwa mng'ao wa viatu. Kopo nalo lina alama zake. Tafuta duara lenye herufi API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani. Katikati ya duara utaona uzito wa mafuta, kwa mfano 5W-30 au 20W-50. Tarakimu iliyo pamoja na W yahusu wepesi wa mafuta katika baridi; ile ya pili, uzito wake injini ikiwa imepata moto. Sehemu ya juu ina herufi za daraja. Injini za petroli zina daraja zinazoanza na S, kama SN, au SP iliyoanza mwaka 2020. Injini za dizeli zina C, kama CI-4 na CK-4.

Jihadharini na daraja zilizopitwa na wakati. Mafuta ya SA hayana dawa yoyote ya kulinda injini, na hayafai kwa injini nyingi za petroli zilizoundwa baada ya mwaka 1930. Ya SF hayafai kwa nyingi za zile zilizoundwa baada ya mwaka 1988. Hapo ndipo rahisi huvunja upishi kweli kweli.

Basi, fungua kitabu cha gari, andika uzito na daraja vinavyotakiwa, uende navyo dukani. Kopo la chapa ya duka likitimiza masharti hayo, lichukue bila haya. Kitabu kikidai sintetiki, hasa kwa injini yenye turbo, usibishane nacho. Kikiruhusu yote mawili, piga hesabu. Tuseme kopo la kawaida ni shilingi 80,000 na hudumu kilomita 5,000. La sintetiki ni shilingi 200,000 na hudumu kilomita 10,000. Chujio ni shilingi 20,000 kila mara. Kwa kilomita 10,000 utatumia shilingi 200,000 kwa la kwanza, na 220,000 kwa la pili. Tofauti ni ndogo. Lakini ikiwa vumbi la barabara au safari fupi fupi hukulazimu kubadilisha mapema, faida ya kudumu hupotea. Na injini inayovuja huyamwaga mafuta ya ghali chini sawasawa na ya bei nafuu.

Jambo la mwisho ni mafuta bandia. Kopo la jina kubwa ndilo linalovutia walaghai, maana lina faida. Nunueni kwa muuzaji anayejulikana, mkague lakiri ya kifuniko, na kopo likiisha litobolewe kabla ya kutupwa, lisije likajazwa tena.

Fedha iliyobaki inunue chujio jipya. Na kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imepoa, mtoto mkubwa na achomoe kijiti cha kupimia, akifute, akirudishe, akichomoe tena na kusoma kiwango mbele ya baba au mama. Ukaguzi huo hauna gharama. Mwandishi wenu angeufanya, watoto wake wasingalirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.