Elimu ya Bahari ni Mali ya Wananchi

Mvuvi wa Kilwa huijua bahari yake kama mkulima ajuavyo shamba lake. Ajua kaskazi huingia lini na kusi hukaza lini. Ajua mwamba wenye changu na mkondo wenye nguru. Lakini akiwa katika ngalawa yake hawezi kujua samaki waliobaki ni kiasi gani, wala twaweza kuvua wangapi mwaka huu bila ya kuwanyima watoto wetu kitoweo cha kesho. Jambo hilo lataka meli, vyombo vya kupimia na watu waliosoma. Na hayo yote yataka fedha na mamlaka ya Serikali. Ndiyo sababu mtaalamu wa bahari na Serikali hawana budi kushirikiana.

Ushirikiano huo si jambo geni. Zamani uchunguzi wa samaki wa pwani yote ya Afrika Mashariki ulifanywa na shirika moja lililokuwa Unguja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, ilibidi kila nchi ijitegemee. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Unguja mwaka 1978. Kenya ikaunda taasisi yake mwaka 1979. Na mwaka 1980 Bunge letu likapitisha sheria ya kuunda TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi.

Faida imeonekana. Kamba wa Rufiji walipopungua kwa kuvuliwa na meli za kukokota nyavu, hesabu za watafiti ndizo zilizoonyesha hasara hiyo, na ilipofika mwaka 2008 Serikali ilikuwa imekwisha zisimamisha meli hizo. Kama asingekuwako wa kuhesabu, mwenye meli angesema kamba wapo, mvuvi mdogo angesema wamekwisha, na Serikali ingekosa mizani ya kuwapimia.

Wageni nao wametusaidia. Meli ya uchunguzi ya Norwei, “Dr. Fridtjof Nansen”, ilipima bahari yetu mwaka 1982 na 1983; nyingine yenye jina hilohilo ikaja mwaka 2018. Twashukuru. Lakini shukrani isitusahaulishe haki yetu. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, wasema wazi kwamba mgeni atakaye kuchunguza ndani ya maili 200 za bahari ya nchi sharti aombe idhini. Na kwamba wenyeji wana haki ya kushiriki katika kazi hiyo, hata melini, na kupata taarifa, hesabu na sampuli zilizokusanywa. Hiyo si hisani, ni sheria. Walakini haki hiyo haina maana kama hatuna vijana waliofunzwa kuzisoma hesabu hizo, au kama zikifika hufungiwa kabatini.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, Serikali izipe taasisi zetu fedha za kutosha, zisingoje kila mara meli ya mfadhili. Pili, wataalamu waandike matokeo yao kwa Kiswahili chepesi, wayapeleke dikoni na kuyaeleza kwa wavuvi, kwani mtu aliyeambiwa “usivue hapa” bila ya kuelezwa sababu huona ameonewa. Tatu, wavuvi nao waseme kweli juu ya samaki wawavuao. Hesabu ya uongo humdanganya mtaalamu leo, na kesho humtia njaa mvuvi mwenyewe.

Wazee wetu walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Utafiti na uende mbali utakavyo, hata kwenye kilindi. Lakini mwisho wake urejee kwa mwananchi atiaye wavu wake majini alfajiri.