Acheni Kupaka Rangi Nduthi Isiyoshika Breki

Wasee, leo sitabembeleza mtu. Na kabla mniambie nina wivu, naanza na mimi mwenyewe.

Mnazijua zile video. Pikipiki imeoza nyuma ya nyumba, kuku wanalala juu ya kiti. Muziki unaanza. Mkono unapiga msasa, rangi inapulizwa, stika inabandikwa, na sekunde 60 zikiisha tanki linang'aa kama kioo cha saluni. Mwenye video anasema, "Nimeifufua nyumbani, bajeti ya chini kabisa." Komenti zinajaa moto. Hakuna hata mmoja anauliza: hii kitu inasimama?

Mimi nilitengeneza moja ya hizo video. Mpaka leo ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi. Siku niliyoiposti, ile pikipiki ilikuwa haijawahi kutoka hata kwa geti.

Ilikuwa ya guka. Honda CG125. Guka alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa huko Murang'a, na sikumbuki akienda kazini na kitu kingine. Alipofariki ikasukumwa kwa stoo na ikakaa humo miaka tisa. Mtu wa skrapu alipokuja alisema atatoa 3,500, na mjomba alikuwa ashakubali. Nikamlilia shosho. Akasema, "Chukua, lakini usiniletee kilio." Ikaja Githurai juu ya lori ya ndizi.

Nilikuwa na 25,000, pesa ya kuhariri video za watu miezi saba. Sasa sikilizeni vile nilizitumia. Lori, 2,500. Kupiga msasa na kupaka rangi, 6,500. Stika za tanki, 1,500. Kiti kipya cha ngozi bandia, 2,800. Vioo na mipira ya mikono, 900. Hapo kwa sura pekee nimemaliza 11,700. Halafu ndio nikanunua tairi na tyubu zake, betri, kabureta na plagi. Ikawaka. Nikalia kidogo, sitadanganya. Nikabaki na kama 1,600.

Breki shuu za mbele na nyuma zilikuwa 700. Waya wa breki ya mbele, 300. Jumla elfu moja tu. Fundi wa hapa mtaani aliniambia, "Badilisha hizo kwanza." Nikaangalia za zamani kwa nje, nikaona ziko sawa. Ile pesa nikanunua petroli na stendi ya simu.

Jumapili jioni nikabeba mdogo wangu. Ako na miaka 15. Helmeti tulikuwa nayo moja, na nilikuwa nimeivaa mimi. Kwenye mteremko wa kuingia stegi nikafinya breki ya mbele, waya ukakatika. Ulikuwa umeliwa na kutu ndani ya ganda lake, mahali jicho halifiki. Nikakanyaga ya nyuma. Pedali ikashuka mpaka chini, na hakuna kitu. Tulipokuja kufungua gurudumu baadaye, ile sehemu inayosugua ilikuwa imebanduka kwa chuma chake. Gundi yake huzeeka hata kama pikipiki haitembei.

Tuligonga meza ya mama mboga. Alikuwa ameinama upande wa pili akitoa sukuma kwa gunia, na hiyo ndiyo sababu pekee hii posti si ya kuomba watoto wake msamaha. Mdogo wangu alivunjika mkono wa kulia, wiki tatu kabla ya mtihani.

Mathe hakupiga kelele. Aliangalia tanki, bado linang'aa, akaniuliza, "Hii rangi ilikuwa pesa ngapi?"

Sikuposti hiyo.

Sasa najua mtakachosema.

Mtasema rangi ndiyo inaleta watazamaji. Ni kweli. Mimi nilipata watazamaji mpaka nikachoka kuwahesabu. Hawakulipa plasta ya mdogo wangu, na hawakulipa nyanya za mama wa watu. Na kuna vijana waliniandikia wakisema wamefanya kama mimi: wametoa pikipiki ya mzee kwa stoo, wamepaka, sasa wanauliza kwa nini inakohoa. Hao ndio wananinyima usingizi. Niliwafundisha kuanzia mwisho.

Mtasema, "Ni nduthi yangu, ni pesa yangu." Sawa, lakini barabara si yako. Yule mama hakuchanga hata shilingi kwa mradi wangu, na karibu alipe kuliko sisi wote.

Mtasema pikipiki za zamani ni taabu, chukua mpya ya mkopo. Binamu yangu alichukua. Alitoa 20,000 mwanzo, halafu 450 kila siku kwa siku 540. Pigeni hesabu: 263,000. Dukani ukiwa na pesa mkononi, hiyo hiyo ilikuwa 180,000. Na siku akikosa kulipa, inazimwa akiwa na abiria. Sisemi mtu wa boda asichukue mkopo, kazi ni kazi. Nasema usiambie kijana wa miaka 20 anayetaka tu kitu cha kumfikisha chuo kwamba hiyo ndiyo njia ya pekee.

Kwa sababu ya zamani inawezekana, na inawezekana kwa pesa kidogo. Honda ilianza kuuza CG125 mwaka wa 1976, na iliiunda ikijua kuna watu hawatabadilisha oili kwa wakati. Valvu zake husukumwa na vijiti; hakuna cheni ya juu ya kulegea. Wachina waliinakili hiyo injini, ndiyo maana pikipiki nyingi za Kichina unazoona hapa zina injini ya ukoo huo. Ukienda Kirinyaga Road na kipande cha zamani mkononi, mara nyingi utapata ndugu yake kwa bei ya kawaida. Lakini beba hicho kipande, upime hapo hapo. Ndugu si pacha.

Kwa hivyo simpigi vita mtu anayefufua pikipiki nyumbani. Napigana na mpangilio. Rangi ni ya mwisho, na si mambo ya adabu tu. Kazi yenyewe inataka hivyo.

Kwanza karatasi. Angalia kama namba ya chesisi na ya injini zinalingana na logbuku. Hii yetu iko kwa jina la marehemu, na bila karatasi za urithi kutoka kortini huwezi kuihamisha. Nilijua hayo nikiwa nimeshapaka rangi. Kama hakuna logbuku na muuzaji anazungukazunguka na maneno, enda nyumbani na pesa yako.

Pili, jua kama injini inazunguka. Usirukie kiki. Toa plagi, mwaga oili kidogo kwa silinda, acha ilale usiku mmoja, halafu sukuma kiki polepole kwa mkono. Pistoni iliyoshikana na kutu ukiilazimisha, umeharibu kitu ambacho kingepona.

Tatu, mafuta. Petroli ya miaka hugeuka gundi, inaziba vitundu vidogo vya kabureta. Tanki nalo linashika kutu kwa ndani. Unatia siniga na nati kadhaa, unatikisa mpaka mikono iume, unamwaga, unasuuza na maji ya magadi, unakausha vizuri. Sasa niambie, hiyo kazi utaifanyaje kwa tanki lenye rangi ya 6,500? Mimi niliifanya. Nati zikanipiga mikwaruzo, na petroli iliyomwagika ikalainisha rangi mpaka ikatoka na kitambaa. Rangi nyingi za kopo haziwezi petroli. Nililipa mara mbili. Na hiyo kazi fanyia nje. Si jikoni, si kwa bedsita yenye jiko la gesi. Mwenye ploti akikukataza, ongea naye vizuri, lakini usiingize petroli ndani.

Nne, breki, waya zake na tairi. Fungua magurudumu yote mawili, usiangalie kwa nje kama mimi. Usipulize vumbi la breki za zamani kwa mdomo, linaweza kuwa na asbesto. Pangusa na kitambaa chenye maji. Tairi soma ubavuni: namba nne, kama 2311, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Hata kama meno yake ni marefu, mpira umekauka.

Tano, umeme: taa ya mbele, ya nyuma, ya breki, na honi. Halafu itembee pole pole, sehemu tambarare, bila abiria, wiki nzima. Ikirudi nyumbani kila siku, sasa paka rangi unayotaka. Paka waridi. Paka na majina ya mashabiki wako wote.

Na kama pesa itaisha kabla ya rangi? Basi utakuwa na nduthi yenye kutu inayowaka na kusimama. Guka alienda kazini na hiyo hiyo, na tanki lake lilikuwa limebonyea tangu nikiwa mtoto. Sijawahi kusikia mtu wa Murang'a akimcheka.

Honda yake sasa iko na breki shuu mpya mbele na nyuma, na waya mpya. Nilizifunga mimi mwenyewe, fundi akiangalia na mdogo wangu akinishikia tochi na mkono wa kushoto. Nimeposti hiyo video pia. Ni dakika 14, hakuna muziki, mikono yangu ni michafu, na karibu hakuna mtu ameiangalia. Ile ya rangi nimeitoa leo asubuhi. Aliyeihifadhi aifute.

Kuanzia sasa ukinitumia nduthi yako niishabikie, nitakujibu na swali moja: nionyeshe breki. Ukiwa na video ya magurudumu yamefunguliwa nitaishea, hata kama ina watazamaji watano. Ukiwa na tanki linalong'aa pekee, usinitag.

Na kama ulifuata ile video yangu, leo usipande. Sukuma nduthi mpaka kwa fundi, umwambie afungue magurudumu. Ukikosa hiyo elfu moja ya breki, uza stika.