Machungwa ya Makueni na Biashara ya Vidonge vya Sukari

Kaunti ya Makueni inajulikana kwa machungwa, na jirani yake Kitui kwa maembe. Sisi watu wa Pwani tunayala matunda hayo kila msimu, kwani mengi huteremka kwa malori hadi soko la Kongowea. Lakini siku hizi chungwa limepata kazi nyingine. Mitandaoni kunatangazwa vidonge vya dondoo la machungwa na ndimu, eti vinashusha sukari mwilini. Wenye kisukari wananunua, na wengine wanashawishika kuacha dawa za hospitali.

Tuanze na ukweli uliopo. Ndani ya maganda ya chungwa na ule utando mweupe mna kemikali za asili ziitwazo flavonoidi. Ya chungwa ni hesperidini. Ya limau ni eriositrini. Mwaka 2019 watafiti wa Brazili walichapisha matokeo ya jaribio la eriositrini la wiki 12 lililohusisha watu zaidi ya 100 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Kwa waliopewa eriositrini, sukari ilishuka kwa takriban asilimia 5.

Hilo si jambo la kudharauliwa, lakini tulipime vizuri. Watu wale walikuwa bado hawajaingia kwenye kisukari chenyewe. Mtu ambaye sukari yake ni 15 akiishusha kwa asilimia 5 atabaki na 14 na ushei, na hapo bado macho, figo na miguu yake vimo hatarini. Tafiti za hesperidini nazo hazikubaliani. Hakuna hata moja inayomruhusu mgonjwa kuacha metformini au sindano ya insulini.

Wauzaji hupenda kusema vidonge vyao vimetoka Marekani, kana kwamba huo ni ushahidi. Chini ya sheria ya huko ya mwaka 1994, virutubisho vya aina hii havihitaji kuthibitishwa na serikali kwamba vinafanya kazi kabla ya kuuzwa. Mkebe ukidai kusaidia mwili, lazima pia uandikwe kwamba bidhaa haikukusudiwa kutibu ugonjwa wowote. Maandishi hayo huwa madogo, na muuzaji hakusomei.

Kuna hatari nyingine. Balungi, ndugu wa chungwa, huzuia mwili kuvunja baadhi ya dawa, zikiwemo baadhi ya zile za presha na za kushusha mafuta ya damu. Dawa hurundikana mwilini na kudhuru. Wagonjwa wengi wa kisukari wana presha pia, kwa hiyo anayemeza dondoo asilojua limetoka tunda gani anacheza na maisha yake.

Na mkulima wa Makueni anapata nini? Kiwanda cha kaunti kule Kalamba, kilichoanza 2017, kilijengwa kusindika maembe, si kukamua kemikali za maganda. Madondoo haya hutoka kwenye viwanda vya ng'ambo. Jina la chungwa linatumika, faida inakwenda kwingine.

Chungwa lenyewe halina ubaya. Moja la wastani lina sukari gramu 12 hivi, na nyuzi zake huichelewesha kuingia kwenye damu. Tatizo ni juisi. Gilasi moja hula machungwa matatu au manne, nyuzi zinatupwa, na sisi wakati wa futari tunaongeza sukari juu yake! Mwenye kisukari na ale chungwa moja, na utando wake mweupe.

Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba takriban Wakenya 88 katika kila 100 watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Hapo ndipo penye ugonjwa. Makueni ilionyesha njia mwaka 2016 ilipoanzisha mpango wa afya ambapo familia ilichangia shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Kaunti zetu za Pwani zipeleke vipimo vya sukari kwenye zahanati, masokoni na misikitini baada ya swala ya Ijumaa. Bodi ya Dawa na Sumu nayo iwafuate wanaotangaza tiba mitandaoni.

Nawe msomaji, kabla ya kutoa pesa yako kwa mkebe, muulize muuzaji maswali mawili: bidhaa imesajiliwa na Bodi? Na daktari wangu anajua? Akianza kubabaika, rudisha pesa mfukoni uende ukapimwe.