Feni ya Gari Ikiacha Kuzunguka

Mkulima apelekaye maziwa kiwandani asubuhi hana nafasi ya kuchelewa. Gari lake likichemka njiani, maziwa hayamngoji. Mara nyingi dalili huonekana mapema, lakini hazitiliwi maanani: gari likikwama katika msongamano mshale wa joto hupanda, na likishika barabara tupu mshale hushuka tena. Dalili hiyo huonyesha kwamba huenda feni haizunguki.

Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Gari likienda mbio, upepo wa njiani hupita katika rejeta na kupoza maji. Likisimama, hakuna upepo ila ule wa feni. Gari linalochemka hata likienda mbio huenda lina ugonjwa mwingine: maji yamepungua, pampu ya maji imechoka, thamostati haifunguki, au rejeta imeziba.

Mshale ukifika juu, dereva na asimame mahali pa salama na kuzima injini. Ikiwa mahali hapo pako mbele kidogo, afungue hita mpaka mwisho; itavuta joto la injini na kulileta ndani ya gari, naye avumilie. Akiendelea na safari, kichwa cha injini chaweza kupinda na gasketi yake kuungua, na gharama yake yaweza kuwa kubwa kuliko bei ya feni.

Tena asifungue kifuniko cha rejeta kingali na moto. Mjini Nairobi, ulio mita 1,795 hivi juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka katika nyuzi 94 hivi za Sentigredi. Lakini ndani ya rejeta kifuniko huyabana maji, hata yaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa, maji hayo hugeuka mvuke papo hapo na kuruka usoni. Rejeta iachwe mpaka ishikike kwa mkono.

Gari likipoa, uchunguzi uanze kwa vitu vya bei ndogo. Kwanza ni maji. Yakipungua sana, kile kifaa kidogo kinachopima joto hubaki hewani, wala hakipati habari ya kuiamsha feni.

Pili, injini iwashwe na kiyoyozi kifunguliwe. Katika magari mengi feni huzunguka mara hiyo. Ikizunguka, mota yake ni nzima, na lawama huelekea kwenye kifaa cha kupima joto au waya zake.

Tatu ni fyuzi. Ikiwa uzi wa ndani umekatika, itiwe nyingine ya namba ile ile. Wako watu wafungao waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Hao huyeyusha nyaya na kuweza kuteketeza gari zima. Fyuzi mpya ikiungua mara moja, nyaya zimegusana au mota imekwama. Hapo ni kazi ya fundi wa umeme.

Nne ni rilei, kile kisanduku kidogo kipelekacho umeme kwenye feni. Mara nyingi rilei ya honi hufanana nayo. Zikiwa na namba moja, zibadilishane mahali. Feni ikizunguka, kosa limepatikana kwa bei ndogo.

Mwisho ni mota. Katika feni yenye nyaya mbili tu, plagi ichomolewe, na mota ipewe umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri kwa nyaya mbili, moja ikiwa na fyuzi. Isipozunguka, imekufa. Ikizunguka, kosa liko kwenye nyaya au plagi. Katika uchunguzi wote huu vidole, tai na mikono ya shati viwe mbali, kwani feni nyingine huanza zenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Mwenye gari anayefuata utaratibu huu hatalipia feni mpya ilhali kilichoharibika ni fyuzi. Hata akilazimika kumwita fundi, atamweleza alichokiona, na fundi hatakuwa na haja ya kubahatisha kwa fedha za mwenzake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.