Faini ya Serikali, Aliyeibiwa Je?

Mwaka jana jirani yetu, mama mshonaji, aliibiwa cherehani. Mwizi alishikwa, akatozwa faini, akalipa akaenda zake. Faini ikaingia serikalini. Mama hakuona hata ndururu. Mpaka leo anafulia watu nguo. Kwani hiyo ndiyo haki?

Kifungu cha 31 cha Kanuni ya Adhabu chamruhusu hakimu kuamuru mkosaji amlipe fidia aliyemkosea, juu ya adhabu nyingine au badala yake. Kwa maoni yangu, hasara ikijulikana na mkosaji ana uwezo, fidia itangulie faini. Lakini muuaji au mbakaji tajiri asijinunulie uhuru: alipe, na jela aende. Mwaonaje, wenzangu?