KICHWA CHA ABIRIA NACHO NI KICHWA

Kila siku ya masomo, asubuhi, barabara ya kutoka Mwanga kwenda Ujiji hujaa pikipiki, na juu ya pikipiki hizo wamo wanafunzi wengi wa shule yetu na wa shule jirani. Ukizitazama kwa makini utaona jambo la ajabu. Dereva mara nyingi amevaa kofia ngumu. Abiria aliyeketi nyuma yake, ambaye ndiye mlipa nauli, kichwa chake ki wazi. Na kama wamepanda watatu, kwa mtindo ule tunaouita mshikaki, basi vichwa viwili vi wazi.

Nathubutu kusema katika gazeti letu hili kwamba desturi hiyo ni mbaya, na kwamba dawa yake imo mikononi mwetu sisi wanafunzi, walimu na wazazi, wala si mikononi mwa polisi peke yao. Maoni yangu ni haya: kila mwanafunzi apandaye bodaboda awe na kofia ngumu yake mwenyewe, nayo ihesabiwe kuwa vazi la shule kama vile viatu na sare.

Kabla sijaitetea hoja hiyo, yafaa tujue kwanza kofia hizi zilianzaje na kila moja ina kazi gani, maana asiyejua kazi ya chombo hukitumia vibaya.

Neno la zamani la Kiswahili kwa kofia ya vita ni chapeo, nalo limetoka katika lugha ya Wareno. Wasomao Biblia hulikuta katika habari za Goliathi. Shujaa yule alikuwa na chapeo ya shaba kichwani, lakini jiwe la Daudi lilimpiga katika paji la uso, akaanguka. Chapeo, hata ikiwa nzuri namna gani, haimfai mtu mahali isipomfunika.

Hapa kwetu Ujiji ilipata kuonekana chepeo ya namna nyingine. Mwaka 1871 Stanley alipofika kumtafuta Livingstone, aliandika mwenyewe kwamba siku ile chepeo yake ilipakwa chaki na kuzungushiwa kitambaa kipya. Livingstone naye alikuwa na kofia ya samawati yenye utepe wa dhahabu uliofifia. Chepeo za Wazungu za siku zile zilitengenezwa kwa kizibo au kwa moyo mwepesi wa mmea fulani wa majini unaoota Bara Hindi. Kazi yake ilikuwa kuzuia jua tu. Kwa miaka mingi Wazungu waliamini kwamba jua la nchi zetu lingepenya fuvu na kuwaua. Baadaye waliona kwamba hofu ile ilizidi kiasi, wakaziacha. Chepeo ile ilikuwa na sura ya kofia ya ushujaa, lakini haikuweza kuzuia pigo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, majeshi ya Ulaya yalikwenda vitani na kofia za kitambaa na za ngozi. Askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani, ambao walikuwako hata pwani hii ya Ziwa Tanganyika, walivaa tarbushi zilizofunikwa kwa kitambaa cha kaki. Vipande vya makombora viliwapasua watu vichwa kwa maelfu huko Ulaya. Kwa ajili hiyo Wafaransa na Waingereza walianza kuwapa askari wao kofia za chuma mwaka 1915, na Wajerumani mwaka 1916. Kofia hizo hazikuwekwa ili kuzuia risasi iliyopigwa kwa karibu. Kusudi lake lilikuwa kuzuia vipande vinavyoruka na kuanguka kutoka juu.

Kutokana na vita ile walijifunza pia mafundi. Huko Marekani kofia ngumu za wafanya kazi zilianza kuuzwa mwaka 1919, na katika miaka ya 1930 zilivaliwa na wajenzi wa mabwawa na madaraja makubwa. Ndiyo asili ya zile kofia za manjano na nyeupe tunazoziona leo penye ujenzi wa barabara na majengo. Kofia ya fundi ina mikanda ndani ya kuipokea nyundo au tofali lililoanguka utosini. Haikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayetupwa ubavuni kwa mwendo wa pikipiki. Hata hivyo nimewaona abiria mjini petu wakipewa kofia ya fundi isiyo na kamba ya kidevuni, nao wakaishika kwa mkono ili isipeperuke! Huko si kujikinga.

Kofia ya pikipiki ina historia yake. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, Mwingereza aliyejulikana sana kwa habari za vita vya Waarabu na Waturuki, alianguka na pikipiki alipokuwa akiwakwepa watoto wawili waliopanda baiskeli. Hakuwa na kofia ngumu. Alifariki baada ya siku sita. Miongoni mwa madaktari waliomwangalia alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, naye hakulisahau jambo lile. Mwaka 1941 alitangaza uchunguzi wake. Alionyesha kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya Vita Kuu ya Pili, wapanda pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wameuawa katika ajali za barabarani huko Uingereza. Katika majeruhi aliowaona, waliokuwa wamevaa kofia ngumu walikuwa 7 tu, na wote 7 waliishi. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule jeshi la Uingereza liliwaamuru matarishi wake wote wapandao pikipiki wavae kofia hizo.

Tazameni, wasomaji, kwamba daktari yule hakuwahesabu madereva peke yao. Aliwahesabu na abiria pia, maana barabara haimwulizi mtu kama alikuwa ameshika usukani au alikuwa ameshika kiuno cha mwenzake.

Sasa, kofia hii hufanyaje kazi? Mama zetu wanaobeba dagaa Kibirizi wanajua nusu ya jibu. Kati ya kichwa na beseni huweka ngata, ili uzito usikae mahali pamoja. Gamba gumu la kofia ya pikipiki hufanya vivyo hivyo: hulitawanya pigo. Lakini sehemu iliyo muhimu zaidi ni ile isiyoonekana, yaani povu gumu lililo ndani, linalofanana na lile povu jeupe linalofungiwa televisheni mpya. Kichwa kinapogonga lami, povu lile hubonyea na kufa kwa niaba ya ubongo.

Wenzangu wa somo la fizikia wataifahamu hesabu yake. Mtu akianguka kichwa kikiwa mita 1.5 kutoka chini, hata kama pikipiki imesimama, kichwa hugonga ardhi kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Fuvu tupu juu ya lami husimama katika umbali wa milimita 2 au 3 tu. Kofia ikiwapo, povu likabonyea sentimita 2 au 3, umbali wa kusimama umekuwa mara kumi, na kwa hiyo nguvu inayoufikia ubongo imekuwa sehemu moja ya kumi. Tofauti ya sentimita mbili huweza kuwa tofauti ya maisha na mauti. Kwa sababu hiyo hiyo kofia iliyokwisha kupata ajali moja haifai tena, ijapokuwa kwa nje yang'aa, kwa kuwa povu lililobonyea halirudi.

Mwaka 2008 wataalamu walikusanya na kulinganisha uchunguzi 61 uliofanywa katika nchi mbalimbali. Walikata shauri kwamba kwa wapanda pikipiki waliopata ajali, kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kofia ni hirizi. Wako waliovaa wakafa. Lakini ni nani katika sisi ambaye, akiambiwa kwamba iko dawa ya kupunguza homa kali kwa kiasi hicho, ataikataa?

Nitasema neno moja la karibu na nyumbani. Katika mtaa wetu yuko kijana aliyeanguka kutoka nyuma ya bodaboda. Dereva, ambaye alikuwa na kofia, alirudi kazini baada ya majuma mawili. Kijana yule, ambaye hakuwa nayo, alikuwa hodari wa hesabu. Leo huanza sentensi na kuisahau katikati, na mama yake ameacha biashara yake sokoni ili amwangalie. Pikipiki ilikuwa moja, na wote wawili walianguka pamoja. Tukumbuke pia tunakoishi. Hospitali yetu ya Mkoa ya Maweni yafanya kazi kubwa, lakini Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, inayotibu ubongo pia, iko Dar es Salaam, nasi tuko mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200. Mtu aliye mbali na mpasuaji wa ubongo anapaswa kukitunza kichwa chake kuliko aliye karibu naye.

Najua kwamba wengi watanipinga, nami nitajaribu kuwajibu kwa heshima.

Wa kwanza watasema kwamba ajali ni kudra ya Mungu. Ni kweli hakuna ajuaye siku yake. Lakini masheikh wetu wa Ujiji hutufundisha kwamba mtu humfunga ngamia wake kwanza, ndipo akatawakali. Na wavuvi wetu wote humwomba Mungu, wala hakuna anayetia mtumbwi wenye tundu majini.

Wa pili watasema kwamba kofia ya bodaboda ni chafu, imevaliwa na watu ishirini tangu alfajiri, ina jasho na mba. Wana haki. Hata mimi sipendi kuivaa. Ndiyo maana sisemi kwamba tuazime ya dereva, bali kila mmoja awe na yake. Hatuvai viatu vya watu ishirini. Kwa nini tuvae kofia yao?

Wa tatu ni dada zetu, wanaosema kwamba kofia huharibu nywele au haikai juu ya ushungi. Ushungi mwepesi usio na pini wala fundo kisogoni hukaa vizuri chini ya kofia, na nywele zilizosukwa zikalazwa hazizuii kitu. Nao wanaolalamika juu ya joto wakumbuke kwamba safari ya kutoka Mwanga hadi Ujiji haichukui hata nusu saa.

Wa nne ni wazazi, nao hoja yao ni nzito kuliko zote: fedha. Kofia nzuri si rahisi kwa mzazi anayeuza mawese au dagaa. Lakini mzazi huyo huyo hununua sare, madaftari na viatu kwa sababu amekwisha kubali kwamba bila vitu hivyo mtoto hasomi. Namwomba aongeze swali moja: mtoto atasoma kwa kitu gani, kama si kwa kichwa? Na yule ambaye hana uwezo kabisa, afadhali mwanawe atembee kwa miguu pamoja na wenziwe kuliko kupanda mshikaki kichwa wazi.

Tena jambo hili si zawadi ya dereva. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inahusu kofia hizi, na kanuni za mwaka 2010 za pikipiki na bajaji za kukodi zilimkumbuka abiria naye. Lakini sheria iliyo kitabuni haifungi kamba ya kidevuni. Afungaye ni mwenye kidevu.

Basi natoa mashauri manne. Kwanza, uongozi wa shule uiandike kofia ngumu katika orodha ya mahitaji ya mwanafunzi anayekuja kwa pikipiki, na itafutwe rafu ya kuzihifadhia wakati wa masomo. Pili, mwalimu wa zamu langoni, anayetazama kama shati limechomekwa, atazame na kichwa. Tatu, kamati ya wazazi ipatane na madereva wa vijiwe vilivyo karibu kwamba mwanafunzi asiye na kofia hapakiwi, wala wawili hawapandi pamoja. Nne, sisi wanafunzi tujifunze kuivaa ipasavyo: ishuke mpaka juu kidogo ya nyusi, isiachwe kisogoni, maana Goliathi alipigwa pajini, kamba ikazwe hata vidole viwili tu vipite chini yake, na ukitikisa kichwa, kofia isicheze.

Wako watakaotucheka siku za mwanzo, wakisema kwamba tumekuwa waoga. Na watucheke. Zamani dereva aliyevaa kofia alichekwa vile vile, na leo tumemzoea. Abiria naye atazoeleka, ikiwa wa kwanza hawataona haya. Natumaini kwamba hao wa kwanza watatoka katika shule yetu, na kwamba hawatangoja mwenzetu mmoja azikwe ndipo waanze.